Sikio Linalotoa Usaha

Kisa hiki nimekiunga kutokana na yanayotokea katika nyumba nyingi, kwa hiyo hakina jina la mtu. Mtoto wa miaka mitatu alilia usiku kucha kwa maumivu ya sikio na homa. Alfajiri usaha ukatoka, maumivu yakatulia, nyumba nzima ikashukuru. Kumbe ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Likitibiwa mapema, tundu kama hilo aghalabu huziba lenyewe. La mtoto huyu halikuziba.

Bibi alitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mama akaenda duka la dawa. "Dada, mpe amoksilini, atapona," akaambiwa. Siku ya tatu usaha ukapungua, dawa ikasitishwa, chupa ikawekwa kabatini. Usaha uliporudi, chupa ikashushwa. Baadaye zikaja septrini, kisha kapsuli zilizofunguliwa na kukorogwa kwenye uji. Miaka ikapita, na shuleni akaitwa mtukutu, maana akiitwa haitiki. Hakuna aliyefikiri kwamba hasikii.

Amoksilini si dawa mbaya. Sikio lililoanza kuuma jana mara nyingi lina bakteria aina ya nimokokasi au hemofilasi, na hapo inafaa. Lakini sikio linalotoa usaha kwa wiki na miezi huwa na wakazi wengine. Wanaoongoza ni sudomonasi, bakteria anayependa unyevunyevu, na stafilokokasi; protiasi naye hupatikana. Sudomonasi ana kinga ya asili: amoksilini na septrini hazimuui hata mtoto akimaliza dozi. Stafilokokasi wengi hutoa kimeng'enya kinachovunja amoksilini. Kila nusu dozi iliua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi.

Alipofika miaka tisa, nyuma ya sikio kulivimba hadi sikio likasukumwa mbele. Hospitalini daktari alisafisha kwanza tundu la sikio, ndipo akachukua usaha wa ndani kwa kijiti cha pamba. Usafi huo ni muhimu, vinginevyo maabara huotesha bakteria wa ngozi na jibu likapotosha. Bakteria walipoota, mtaalamu aliwapaka upya kwenye sahani na kuweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Kesho yake alipima kwa milimita duara lililobaki tupu kuzunguka kila karatasi. Kuzunguka siprofloksasini duara lilikuwa pana, yaani dawa hiyo iliwaweza. Kuzunguka amoksilini bakteria waliota mpaka ukingoni.

"Mama, mdudu huyu hizo dawa zote hazimtishi," daktari alisema. "Tangu usaha ulipokawia kukoma, mtoto alihitaji matone ya sikio, na sikio likaushwe kila siku."

Nasisitiza kukausha kwa sababu ndiko kunakopuuzwa zaidi. Kitambaa safi au karatasi laini husokotwa, huingizwa taratibu, huachwa inyonye, hubadilishwa mpaka itoke kavu. Mara tatu kwa siku. Matone yakidondokea kwenye usaha hayafiki penye ugonjwa. Yakifika, hutoa dawa nyingi zaidi mahali hasa panapohusika kuliko kidonge kinachopitia tumboni. Wala si kila tone ni salama: matone ya jentamisini yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yaweza kuua usikivu, kwa hiyo muuza dawa asikuchagulie.

Mtoto alifanyiwa upasuaji wa mfupa wa nyuma ya sikio, usaha ukakauka. Vifupa vidogo vinavyopitisha sauti vilikuwa vimeshaliwa, na sikio hilo sasa linasikia kidogo sana.

Mwenye mtoto ambaye sikio lake limetoa usaha kwa wiki mbili ampeleke kituo cha afya, na aulize kama wanaweza kuotesha usaha. Akiona uvimbe nyuma ya sikio, mdomo kupinda, kizunguzungu, au kichwa kuuma pamoja na homa na shingo kukakamaa, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umekaribia ubongo.