Usiishi Ukiwa Umefunga Mizigo

Andiko la wiki: Yeremia 28 na 29, Yeremia 32:6–25



Yeremia 29:11 ni mstari ambao karibu kila mmoja wetu anaujua kwa kichwa. Uko kwenye kalenda ya ukutani, uko nyuma ya matatu, uko kwenye kadi tunazowapa watoto wakimaliza shule. Unatuambia kwamba Mungu ana nia njema na watu wake na kwamba mwisho wao una tumaini. Amina kwa hilo. Lakini hebu rudi nyuma mstari mmoja tu, usome wa 10. Pale kuna hesabu: miaka 70.

Barua hiyo iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK, wakapelekwa Babeli. Sasa jiweke pale. Una miaka 40, una mke na watoto, umekaa na wenzako mnasomewa barua kutoka nyumbani. Msomaji anafika kwenye ile miaka 70. Huhitaji kalkuleta. Unajua papo hapo kwamba wewe hutarudi. Pengine watoto wako pia hawatarudi. Halafu ndipo unasomewa kwamba Mungu anakuwazia mema.

Ndiyo maana wiki hii nataka tulikabili swali ambalo tunalikwepa. Je, ahadi ambayo huenda nisiione ikitimia kwa macho yangu inaweza kuitwa tumaini? Na kama naweza kuzeeka nikiwa bado nangoja, kwa nini niendelee kuwa mwaminifu leo?

Swali hili halikubaki Babeli. Linakaa nasi kwenye viti kila Jumapili. Kuna kijana amemaliza chuo, ametembea na bahasha ya vyeti miaka minne. Kuna wenzi ambao kila mwaka wanaombewa mtoto, na kila mwaka wanarudi nyumbani wawili. Kuna mama anayemwombea mume aache pombe tangu kifungua mimba akiwa darasa la kwanza, na sasa huyo mtoto anamaliza kidato cha nne. Hawa si watu wa imani ndogo. Wamefunga, wamekesha, wametoa. Wanataka tu kujua kama wanatumaini au wanajidanganya.

Manabii wawili

Katika sura ya 28 anasimama nabii anaitwa Hanania. Anaongea hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, na anaongea kwa jina la Bwana. Ujumbe wake ni mtamu: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Kisha anachukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, anaivunja mbele ya watu. Si unaona? Miaka miwili dhidi ya miaka 70. Wewe ungehudhuria ibada ya nani?

Kitu ambacho wengi hatukioni ni jibu la Yeremia. Hakumrukia Hanania kwa hasira. Alisema Amina, yaani laiti Bwana angefanya hivyo. Yeremia naye alitaka watu warudi haraka.  Kwa hiyo kutamani jibu la haraka si dhambi, na kuliomba si dhambi. Omba upate kazi mwezi huu. Omba mtoto apone leo. Mungu wetu anaweza.

Kosa la Hanania lilikuwa mahali pengine. Aliweka tarehe ambayo Mungu hakuitoa, kisha akatia sahihi kwa jina la Mungu. Wafanyabiashara wataelewa haraka. Ukiandika cheki kwenye akaunti yako na pesa hazimo, umekosa. Ukiandika cheki kwenye akaunti ya mtu mwingine bila ruhusa yake, hiyo ni kesi ya polisi, hata kama akaunti hiyo imejaa mamilioni. Na cheki ikirudi, anayepoteza jina ni mwenye akaunti. Ndivyo inavyotokea tukimwambia mtu kwa jina la Bwana, “Kabla ya Desemba utakuwa umeolewa.” Desemba ikipita hatulaumu aliyesema. Dada anaanza kumlaumu Mungu, au anajilaumu mwenyewe kwamba imani yake haikutosha.

Mtu ataniuliza, “Mchungaji, kwani hiyo si kuua imani ya watu? Si tunapaswa kukiri kwa kinywa?” Swali ni zuri. Kukiri kwamba Mungu ni mwema, kwamba anasikia, kwamba hatatuacha, hayo ametuambia yeye mwenyewe na tuyatangaze kwa sauti. Lakini imani ni kumwamini Mungu kwa lile alilosema. Tukimwekea maneno ambayo hakusema, halafu tukayaamini kwa nguvu, tutakuwa tumeamini sauti yetu wenyewe.

Gharama ya kungoja ukiwa umefunga mizigo

Fikiria mateka aliyemwamini Hanania. Anaambiwa miaka miwili tu. Kwa nini ajenge nyumba? Apange chumba. Kwa nini apande miti? Hataila matunda yake. Mwanawe asiposwe hapa, angoje nyumbani. Jirani wa Kibabeli wa nini? Anaishi mizigo ikiwa mlangoni. Miaka miwili inapita, ya tatu inapita, na hana nyumba, hana bustani, hana jirani. Tumaini la uongo limemnyang'anya hata siku alizokuwa nazo.

Hata sisi tunaishi hivyo. Kijana anakataa kujifunza kazi ya mkono kwa sababu ameambiwa huu ni mwaka wake wa ofisi kubwa. Mtu anakopa kwenye simu leo, kwa sababu upenyo unakuja wiki ijayo. Na lililo zito zaidi, mtu anaacha dawa za presha au za sukari kwa sababu alitabiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwezi atakuwa mzima. Wapendwa, niseme hili wazi: kumeza dawa huku ukiombewa si kukosa imani. Nenda kliniki, na uje kwenye maombi. Daktari akisema umepona, tutashukuru pamoja. Asiposema, endelea na dawa, na tutaendelea kuomba.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kuna mtu amevunjwa moyo na tarehe zilizopita, sasa hangoji chochote. Anakuja kanisani kwa mazoea. Ukimwuliza habari, anajibu “Tumezoea.” Huyu naye hapandi kitu. Hanania anasema usipande kwa sababu unaondoka kesho. Aliyekata tamaa anasema usipande kwa sababu hakuna kesho. Wote wawili shamba lao ni kichaka.

Sukuma wiki na parachichi

Barua ya Mungu inashika njia nyingine kabisa. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, mzae watoto, waozeni. Mtafutie amani mji huo mliopelekwa na kuuombea. Hayo ndiyo yanayotangulia ule mstari wa 11. Tumaini kubwa la miaka 70 limetanguliwa na kazi ndogo za leo.

Mkulima wetu wa kawaida anaelewa hili bila kusomea theolojia. Sukuma wiki anaipanda leo, baada ya miezi kama miwili anaanza kuchuma, na ndiyo inayosukuma wiki kweli. Parachichi la kupandikiza anaweza kulingoja miaka kama mitatu. Mvule hapandi kwa ajili yake, anapandia wajukuu. Mtu mwenye akili anapanda zote kwenye shamba moja. Hafi njaa akingoja mvule, wala haachi kupanda mvule kwa sababu hataukalia kivuli.

Yeremia mwenyewe alitufundisha hili kwa pesa yake. Sura ya 32: jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, yeye amefungwa katika uwanja wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Kule chuo nilikosomea biashara, uwekezaji kama huo ungetumika kama mfano wa kufeli. Mji unaanguka, mnunuzi yuko gerezani, na adui ametapakaa nchi nzima. Lakini Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia sahihi, kisha anamwagiza Baruku aziweke hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Angalia kinachofuata. Baada ya kulipa, Yeremia anaomba, na maombi yake yana mshangao: Bwana, mji umeshatolewa kwa adui, nawe unaniambia ninunue shamba? Alilipa kwanza, akauliza baadaye. Kwa hiyo ukiwa na maswali wiki hii, usidhani umeacha imani. Fanya lililo sawa, kisha mpelekee Mungu swali lako.

Maandiko hayatuambii popote kwamba Yeremia aliwahi kulima shamba lile. Mwishowe alichukuliwa Misri pamoja na mabaki ya watu. Kwa hesabu ya faida na hasara, alipoteza pesa yake. Lakini ile hati ilisema jambo ambalo mahubiri pekee yasingeweza kusema. Ilisema kwamba mtu huyu anaamini anachohubiri.

Basi napata nini?

Turudi kwa swali letu. Kama huenda nisione, kwa nini niwe mwaminifu?

Chukua mama anayeuza mahindi sokoni. Jirani yake ana gorogoro lililogongwa chini likaingia ndani, na kila mteja anaibiwa kidogo. Jirani anajenga, yeye bado anapanga. Ameomba miaka mingi Mungu ambariki, na gorogoro lake bado ni la kilo mbili kamili. Je, anapoteza? Kama uaminifu wake ni malipo anayomlipa Mungu ili apewe plotí, ndiyo, anaweza kusema deni limechelewa. Lakini uaminifu haukuwa bei ya ahadi. Watu wanaokula unga wake hawaibiwi leo. Watoto wake wanalala kwenye nyumba ambayo haina uongo leo. Ufalme wa Mungu tunaouomba uje tayari una meza moja pale sokoni.

Hapo ndipo naona jibu. Tumaini la kweli halipimwi kwa tarehe linaloitaja, linapimwa kwa kile linachokufanya ufanye leo. Na kwetu sisi tunaomwamini Yesu aliyefufuka, hata kaburi halifungi hesabu. Waebrania 11 inatuambia kuhusu watu waliokufa bado hawajapokea, na Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao. Paulo naye, akimaliza ile sura ndefu ya ufufuo, 1 Wakorintho 15, anatuhakikishia kwamba taabu yetu katika Bwana haiendi bure. Anayesema hivyo hasemi itaonekana lini. Anasema tu haipotei.

Kwa hiyo wiki hii fungua mizigo. Kama unangoja kazi, endelea kuomba, na jifunze ile kazi ya mkono. Kama unangoja mtoto, pendaneni nyinyi wawili sasa, na fungueni nyumba yenu kwa watoto wa ndugu. Kama unamngoja mume abadilike, omba, linda usalama wako na wa watoto, na usibebe peke yako, njoo tuongee. Na sisi sote tukimtembelea aliyengoja muda mrefu, tusimpe tarehe. Tumpe mkono, na kama hana unga, tumpe unga.

Kwa ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani umeliahirisha katika maisha yako kwa sababu unangoja upenyo?
2. Yeremia alisema Amina lakini hakukubali tarehe. Tunawezaje kuombeana kwa imani bila kumwandikia Mungu cheki?
3. Taja “mvule” mmoja ambao familia yako inaweza kuupanda mwaka huu.

Tuombe: Baba, wewe unajua tunachongoja na umeona machozi yetu. Tukumbuke. Tunaomba utende upesi, na kama bado, tupe nguvu ya kupanda leo. Utuepushe na uongo mtamu, utuepushe na kukata tamaa. Utukute kazini utakapokuja. Katika jina la Yesu, Amina.