Soda ya Mgeni

Katika makumbusho ya Coca-Cola, mjini Atlanta, kuna ukumbi wa kuonja. Mabomba yamepangwa kwa mabara, kila mtu ana kikombe chake kidogo, na unakinga mwenyewe kadiri upendavyo. Nilipita Asia, nikapita Ulaya, nikafika Afrika na kukuta Stoney Tangawizi yetu. Nikakinga, nikanywa. Ukali wake ulikuwa uleule wa kupanda puani. Nilibaki pale na kikombe mkononi, nikiona kuna kitu kimepungua, na muda ukapita kabla sijakijua. Hapakuwa na mtu wa kuniambia karibu.

Nimekulia Nyololo, pale njia ya kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi inapoiacha barabara kuu ya Tunduma. Mgeni akiingia, baada ya salamu ya kamwene na habari za wote wa huko atokako, mama alifungua pindo la kanga, akanipa hela na chupa tupu. Hela ilikunjwa ngumini. Chupa niliikumbatia kwa mikono miwili, maana bila tupu mwenye duka hatoi iliyojaa mpaka uache amana, na amana yenyewe hatukuwa nayo. Ya baridi au ya moto? Swali lilikuwa la adabu tu. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya misindano, hata soda ya moto kwetu ilikuwa baridi.

Haikufunguliwa dukani wala jikoni. Ilifunguliwa mbele ya mgeni, asikie kizibo kikilia, ajue hakuna aliyetangulia kuigusa. Naye mgeni alikuwa na lake la kutimiza: abakize. Sisi watoto tulikaa mlangoni tukiipima kwa macho, inashuka shingoni, inashuka tumboni, inakaribia kitako. Siku moja alikuja shangazi aliyetembea toka asubuhi, viatu mkononi, midomo imekauka. Alikunywa mafunda matatu, akaiweka chupa mezani ikiwa bado na nusu, akaisogeza upande wetu. "Imenitosha," akasema. Haikumtosha. Hata mimi, na umri ule, nilijua.

Makumbusho yana mengi ya kusimulia, na niliyasoma kwa heshima. Mfamasia John Pemberton alitoa kinywaji chake mwaka 1886, glasi senti 5, na mwaka ule wa kwanza ziliuzwa wastani wa glasi 9 kwa siku. Alifariki mwaka 1888, hajaona kilichokuja baadaye. Habari ya chupa ndiyo iliyonishika zaidi: mwaka 1915 watengenezaji waliombwa chupa ambayo mtu ataitambua hata akiipapasa gizani. Nikaitazama mikono yangu. Ni kweli, niliwahi kuipapasa gizani, nikitoka dukani, nikihesabu mawe ya njia nisije nikajikwaa nikaivunja.

Kisha kuna kasha kubwa la chuma ambamo, tangu 2011, imefungiwa karatasi ya kanuni ya kuchanganya. Watu wanapanga foleni kuutazama mlango wake. Nami nilipanga. Nikamkumbuka bibi yangu, aliyepika togwa kwa kimea cha ulezi. Jirani akimwuliza alifanyaje, bibi alimkalisha pembeni ya chungu mpaka ajue. Naamini kinywaji hupata thamani yake pale, kwa mtu anayekutengea nafasi karibu na chungu chake.

Nilirudi Nyololo mwaka jana. Soda niliyoletewa safari hii ilikuwa ya chupa ya plastiki isiyorudishwa, wala mtoto hakutumwa na tupu. Mpwa wangu aliiweka mezani ikiwa imefungwa, akasubiri nikae vizuri, ndipo akakizungusha kizibo mbele yangu. "Karibu, mjomba." Chini ya pazia la mlango wa ndani niliona vidole vidogo vya miguu, vina vumbi jekundu. Nikanywa hadi katikati, nikarudishia kizibo, nikasema imenitosha.