Silaha Iliyopambwa Bado Inaua

Somo: 2 Samweli 20:4-13, 1 Wafalme 2:5

 

Twende kwa Neno moja kwa moja. Vita vya Absalomu vimeisha, lakini ufalme wa Daudi bado unayumba. Sheba mwana wa Bikri ameinua uasi mwingine. Daudi amemwondoa Yoabu kwenye ukuu wa jeshi na kumpa Amasa kazi hiyo. Sasa Yoabu na Amasa wanakutana Gibeoni, kwenye lile jiwe kubwa. Mama zao ni dada, tumbo moja. Kwetu hapa hao ni ndugu kabisa, hatusemi binamu.

Angalia vile Yoabu anafanya. Anamwita ndugu yangu. Anamuuliza hali. Anamshika ndevu kwa mkono wa kulia, kama mtu anayetaka kumbusu. Upanga uko mkono ule mwingine, na Biblia inasema Amasa hakuuangalia. Pigo moja tu, Amasa akaanguka barabarani.

Yoabu hakuwa amekasirika asubuhi hiyo. Cheo chake kilikuwa kimechukuliwa, na hasira hiyo alikuwa ameitunza. Aliifunika kwa salamu nzuri, na ikakaa tayari.

Miaka inapita. Daudi yuko kitandani, karibu kuaga. Anamwambia Sulemani kwamba damu iko kwenye mshipi wa Yoabu. Mbona mshipi? Siku zile mshipi wa askari ulikuwa pambo la heshima. Soma 2 Samweli 18:11, utaona Yoabu mwenyewe akisema angempa mtu fedha na mshipi kama zawadi. Kwa hivyo watu walipouona mshipi wa Yoabu, waliona shujaa. Daudi aliona damu.

Neno hili lilinijia kwa nguvu nilipokuwa New York, nilipoenda kuwatembelea watoto wetu wanaofanya kazi kule. Walinipeleka kwenye jumba la makumbusho linaloitwa Metropolitan. Lina vyumba vizima vya silaha za zamani. Wapendwa, kuna bastola mle ndani ukiziona utadhani ni vito vya bibi harusi!

Iko moja ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Munich kati ya 1540 na 1545 kwa ajili ya Mfalme Mkuu Charles wa Tano. Mpini wake wa mti umepambwa kwa pembe ya kulungu. Chuma chake kimechorwa nembo zake, tai mwenye vichwa viwili na zile nguzo mbili za ufalme wake. Fundi alikaa siku nyingi akichora mistari myembamba kama unywele, juu ya kitu cha kutoboa mtu kifua.

Ziko zingine mbili, pacha, za Malkia Catherine wa Urusi. Zilitengenezwa St. Petersburg mwaka wa 1786. Mipini yake ni pembe ya ndovu, na ina dhahabu. Wenye jumba wanaeleza kwamba zilikuwa katika seti ya silaha ambayo inaonekana Catherine alimzawadia Stanisław Poniatowski, mpenzi wake wa zamani, yule aliyemsaidia kuwa mfalme wa Poland. Zawadi nzuri, si ndiyo? Sasa sikia historia. Mwaka wa 1795, Urusi ya Catherine pamoja na Prussia na Austria waligawana kipande cha mwisho cha Poland. Stanisław akavuliwa taji. Taifa lake likafutwa kwenye ramani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mpendwa, mtu anaweza kukupa dhahabu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uko kwa ufalme wako. Huyo ni Yoabu na ndevu za Amasa!

Lakini hatuhitaji kupanda ndege kujifunza jambo hili. Hapa karibu, Nandi Hills, kuna makumbusho ya Koitalel Samoei. Wazee wengi kati yenu mnaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Wanandi walikuwa wamepinga utawala wa Waingereza kwa karibu miaka kumi na moja. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Aliitikia, akaja na watu wake. Akapigwa risasi pale pale kwenye mkutano wa amani. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa zikapelekwa Uingereza, na zikarudishwa Kenya mwaka wa 2006. Leo ziko pale makumbusho. Pambo la silaha ya siku ile lilikuwa neno lenyewe, amani.

Sasa tuje kwetu. Usiseme, "Mchungaji, mimi sina bastola." Najua huna. Lakini Zaburi 55:21 inatuambia kuhusu mtu mwenye maneno laini kama siagi, na ndani ni vita. Siku hizi silaha yetu tunaichora nakshi za kiroho. Unamsengenya dada, unaita ombi la maombi. Hujamsalimia jirani miaka mitatu, unaita hekima ya kujitenga na waovu. Unamtakia ndugu yako mabaya, unasema unamwachia Mungu, na kila siku unachungulia kama Mungu ameanza kazi! Uchungu umeupigia msasa, umeupaka dhahabu, umeuweka kwenye kabati ya kioo. Siku moja moja unaifungua uangalie kama bado inang'aa.

Sisi watu wa Eldoret hatuwezi kufanya mzaha na jambo hili. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, hapa tu karibu na mji, lilichomwa likiwa na kina mama na watoto waliokimbilia humo. Mambo kama hayo hayaanzi na kiberiti. Watu waliokuwa wakiombana chumvi na kuchangiana matanga walikuwa wameishi kwa miaka na maneno yaliyopambwa. Utani wa kabila ulichekewa kwenye harusi. Msemo wa "wale watu" ulitamkwa mbele ya watoto mezani. Ilipofika siku, silaha ilikuwa imeshatengenezwa, ilibaki kushikwa tu.

Je, tufanye nini? Tarehe 15 Novemba 2016, kule Ngong, serikali ya Kenya ilichoma silaha haramu 5,250. Zilirundikwa pamoja, zikatiwa moto. Hakuna aliyesimama kuuliza, "Hii si imetengenezwa vizuri, tuibakize?" Nzuri kwa mbaya, zote motoni. Zaburi 46:9 inamwonyesha Mungu akivunja upinde na mkuki. Mungu wetu haweki silaha makumbusho. Anazivunja!

Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Matayo 5:23-24 inajulikana na kila mtu hapa: sadaka iache kwanza, nenda mkapatane. Wako ndugu wawili katika kanisa hili, baba mmoja, mama mmoja, ambao tangu baba yao azikwe wanaketi pande mbili za kanisa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Sitawataja, na wewe usigeuke kuangalia nyuma. Wote wawili wanatoa fungu la kumi. Wote wawili wanaimba vizuri. Hiyo ni nakshi. Mimi nawaomba kwa machozi: kabla ya mkate na kikombe, kaeni chini na mzee mmoja wa kanisa, muongee habari ya huo mpaka. Shamba litabaki hapa tukienda. Nyinyi hamtabaki.

Na wewe mwingine, wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, mtaje mbele za Mungu, kwa jina lake, mtu uliyemwekea silaha. Pili, iite silaha hiyo kwa jina lake la kweli. Kama ni wivu, sema wivu. Kama ni kabila, sema kabila. Tatu, mpigie simu au mwendee. Usitume mtu. Ukimsalimia, nyoosha mkono wako wa kulia, na ule wa kushoto uwe wazi, auone.

Roho Mtakatifu atusaidie. Amina.