Watoto Wetu na Mbingu za Usiku

Nawausieni, ndugu zangu wa Singida, jambo lisilowagharimu hata senti: mwamsheni mtoto usiku mmoja wa kiangazi hiki, kabla ya adhana ya alfajiri, mtoke naye uani mkaitazame mbingu.

Jambo hili lina asili katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Abdullah bin Abbas, angali mtoto, alilala kwa Bibi Maimuna, mke wa Mtume na ndugu wa mama yake, na ilipoingia thuluthi ya mwisho ya usiku akamwona Mtume ameketi, ameinua macho mbinguni, anasoma aya za mwisho za Surat Aal Imran, zitajazo ishara zilizomo katika kuumbwa mbingu na ardhi; kisha akatia udhu akasali, na mtoto naye akainuka akatia udhu vivyo hivyo, akasimama ubavuni kwake kushoto, akashikwa sikio na kuhamishiwa kuumeni. Zingatieni kwamba hakuitwa wala hakuhubiriwa: aliona mtu mzima anatazama juu, naye akafuata, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa tafsiri ya Qurani.

Nasi tumejaaliwa uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na kiangazi kikavu, hata vijijini Iramba na Mkalama, mbali na taa za mji, nyota huonekana mpaka kwenye migongo ya majabali. Mwezi wa Agosti, yapata saa kumi na moja alfajiri, Kilimia kimekwisha panda juu, na mashariki imechomoza Shii'ra, ishindayo nyota zote za usiku kwa mng'aro, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Surat An-Najm kuwa Yeye ndiye Mola wake, kwani walikuwako Waarabu wa jahilia walioiabudu. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 8 ndipo itufikie. Basi ile imwingiayo jichoni mtoto wa miaka 6 iliondoka huko kabla hajatungwa mimba.

Mlazeni chali jabalini, mmegubika shuka, maana baridi yetu mwaijua. Atahesabu, atafika kumi na ngapi, atapotewa, ataanza tena, kisha atauliza nani aziwashaye. Msiharakishe jawabu. Nabii Ibrahim alikabiliwa na nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kikatua mbele ya macho yake, ndipo hoja ikasimama. Mwacheni mtoto naye aone nyota ikitua.

Na akiambiwa na babu yake kwamba Kilimia kikichomoza jua likituapo mwezi wa Novemba mvua i karibu, asikatazwe kusadiki, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya wakulima, nayo ni halali. Ila afunzwe kwamba mwenye kunyesha ni Mola, kama Mtume alivyobainisha Hudaibiya asubuhi ya mvua. Wapiga ramli wauzao bahati kwa nyota, huko msimpeleke kabisa.

Simu iachwe ndani, na taa ya uani izimwe. Na mtoto akizidiwa na usingizi, abebwe akalazwe bila ya kukaripiwa, kwani hajabaleghe wala kalamu haijamwandikia. Nanyi endeleeni na rakaa zenu.