Haiku na Adabu ya Kutazama

Wako walimu wenzetu wanaouliza: shairi lisilo na mawaidha lina faida gani? Swali hili ni la haki, kwa kuwa sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tumezoea mtunzi atuonye, atuase na kutuelekeza. Tungependa kulijibu kwa kuichunguza haiku, utungo mfupi wa Wajapani, ambao aghalabu hausemi neno la kufunza, lakini ambao, kwa maoni yetu, humlea mtunzi wake katika adabu moja kubwa: adabu ya kutazama.

Haiku ya kawaida ina sauti 17, zigawanywazo 5, 7 na 5. Kwetu sisi tuliozoea mizani hesabu hiyo si ngumu, maana silabi zetu, kama zao, nyingi huishia kwa irabu. Ugumu uko kwingine. Desturi hudai neno la majira, lenye kuonyesha wakati wa mwaka, na kituo kinachoukata utungo pande mbili, ili vitu viwili visimame pamoja bila kufafanuliwa. Basi mtunzi hana budi kwanza kujua kama mvua hii ni ya masika au ya vuli, na ni ua gani lililochanua wiki hii. Hayo hayajui mtu asiyetoka nje akatulia.

Siku moja tulisimama kando ya barabara, tukaandika:

Vuli yaanza:
kobe avuka njia,
gari langoja.

Mara mkono ukatuwasha kuongeza kwamba haraka haraka haina baraka. Tukajizuia. Methali hiyo ni ya kweli, lakini lau tungaliiandika, kobe angalitoweka, akabaki mtumishi wa mawazo yetu. Hapo tulitambua kwamba mara nyingi hatuvitazami viumbe, bali huvituma tu vituletee mafunzo. Kukiacha kiumbe kiwe kama kilivyo, hata kwa muda wa pumzi moja, ni kukiri kwamba ulimwengu haukuwekwa kwa ajili ya mifano yetu. Hilo nalo ni funzo, ingawa halikutamkwa.

Wala si lazima mtu asafiri. Masaoka Shiki, aliyezaliwa 1867, ndiye aliyeupa utungo huu jina la haiku kama lijulikanavyo leo. Miaka yake ya mwisho aliipitisha kitandani, kwa kifua kikuu kilichoshika uti wa mgongo. Mbele yake palikuwa na bustani ndogo yenye madodoki, mmea ambao maji yake yalitumiwa kuwa dawa ya kohozi. Mnamo Septemba 18, 1902, siku moja kabla ya kufa, aliandika haiku tatu juu ya madodoki hayo. Ulimwengu wake ulikuwa umepungua ukawa upana wa bustani moja, naye hakuacha kuutazama.

Hata hivyo tusiisifu haiku kupita kiasi. Matsuo Basho (1644–1694), bingwa mkubwa wa sanaa hii, amesimulia katika habari za safari yake ya 1684 kwamba karibu na Mto Fuji alimkuta mtoto mdogo aliyetupwa, akilia. Alimpa chakula kidogo, akatunga shairi, akaendelea na safari. Hatudai kumhukumu mtu wa zama nyingine. Lakini habari hiyo hututia baridi. Yatuonyesha kwamba jicho lililozoea kuona halina hakika ya kuandamana na mkono wa kusaidia. Kutazama ni mlango wa wema, si wema wenyewe. Ila asiyeupita mlango huo hafiki ndani: asiyemwona kobe humkanyaga, na asiyemwona mtoto humpita bila hata kuhuzunika.

Kwa hiyo twawashauri walimu wawatoe wanafunzi nje ya darasa, wakae kimya kwa robo saa, kisha waandike walichokiona tu, bila methali. Watakaporudi, tusianze kwa kuuliza kama mizani imetimia. Tuwaulize kwanza wameona nini, halafu tuwaulize kama katika waliyoyaona kuna lililowataka wanyanyuke. Swali hilo la pili halimo ndani ya sauti 17; ni juu yetu sisi kuliuliza.