Kabla Hujafungua Nati ya Kwanza

Mitaa ya Nkuhungu ina pikipiki kuukuu nyingi zilizoegemezwa nyuma ya nyumba, zimefunikwa turubai au magunia. Hali ya hewa ya Dodoma huzitunza. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, hivyo chuma hakiliwi na kutu kama kule Tanga au Dar es Salaam. Chombo kilicholala miaka mingi bado huonekana kizima. Ila ukavu huohuo na jua la huku hukausha mpira wa mabomba, tairi na oili sili, na vumbi hupenya hadi ndani ya kabureta. Kwa macho pikipiki ni nzima. Kwa ndani imechoka. Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika, na ndivyo ilivyomtokea kijana mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake nalihifadhi, lakini kisa chake kinatuhusu sote.

Kijana huyu ni fundi ujenzi. Kazi ziliposhamiri Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, alikuwa akivuka Jiji zima kila alfajiri, kutoka magharibi hadi mashariki, kwa daladala. Alikuwa amejiwekea akiba ya kulipia kianzio cha pikipiki mpya ya Boxer ya mkopo. Wakati huohuo mama yake akamkumbusha kwamba Honda XL 125 ya marehemu baba yake ipo tu nyumbani. Baba alikuwa bwana shamba upande wa Bahi, na alikuwa ameinunua mnadani alipostaafu.

"Hicho ni chuma cha Kijapani, mwanangu," mama alimwambia. "Baba yako hakikumwangusha hata siku moja."

Kijana akapiga hesabu kichwani, akaona akiba itatosha kuifufua na chenji itabaki. Nia yake ilikuwa njema. Kutunza alama ya mzazi ni jambo la heshima, na pikipiki za aina ile zimewabeba watumishi wengi wa vijijini. Lakini aliianza kazi kabla ya kujijibu swali moja: je, anafufua kumbukumbu ya baba yake, au anatafuta chombo cha kumfikisha kazini saa moja asubuhi? Mambo hayo mawili yana bajeti tofauti na subira tofauti. Yeye aliyachanganya.

Dalili ya kwanza ilijitokeza dukani. Alipoomba pistoni na ringi za Honda 125, muuza spea alimuuliza, "Ni CG?" Akajibu kwamba Honda ni Honda. Sivyo. CG 125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, husukuma valvu zake kwa fimbo kutoka chini. Viwanda vya China vimeiiga sana, ndiyo maana spea za muundo wake zimejaa madukani. XL yake ina kemshafti juu ya kichwa cha injini, inayozungushwa na mnyororo wa ndani. Ukubwa wa injini unafanana, lakini vipuri vingi havifanani. Swali la muuza spea lilikuwa onyo la bure. Kijana akalipita.

Dalili ya pili ilikuwa imeandikwa kabisa. Fundi pikipiki alipofungua kichwa cha injini, juu ya pistoni palikuwa na namba 100. Silinda inapochongwa ili ipokee pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida hupandishwa kwa robo milimita: 25, 50, 75, kisha 100, yaani milimita moja kamili. Ukikuta 100, ujue silinda imekwisha kuchongwa hadi mwisho wa kawaida. Kinachobaki ni kuvisha slivu au kutafuta bloku nyingine, na kwa pikipiki ya umri ule bloku haipatikani kirahisi. Maana yake, injini ile ilikuwa imekula maisha yake yote ya matengenezo kabla ya kumfikia kijana.

Dalili ya tatu aliitamka fundi mwenyewe, mzee aliyezoea Honda za zamani. "Mdogo wangu, mimi nisingeianza hii. Ila ukisema tuanze, tutaanza." Kijana alisikia nusu ya pili tu. Tumsamehe, maana hata mimi na wewe husikia tunachokitaka pale moyo unapokuwa umekwisha kuamua.

Kuanzia hapo fedha ilitoka kidogo kidogo. Leo oili sili, wiki ijayo kabureta, kisha tairi na seti ya cheni. Ikaja zamu ya umeme: pikipiki ile ilikuwa ya volti 6, wakati betri na balbu zinazouzwa kila kona ni za volti 12. Rangi ya tanki nayo ikapigwa mapema, kwa sababu rangi inatia moyo. Kila mara alijiambia, "Bado kidogo tu." Hakuwa na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yake ilipotea hivyohivyo. Uamuzi mkubwa ulikatwa vipande vidogo, na hakuna kipande kilichoonekana kikubwa kiasi cha kumfanya asimame.

Siku aliyojumlisha risiti chache alizokuwa nazo, kianzio cha Boxer kilikuwa kimekwisha. Badala ya kusimama, akasema hawezi kuiacha baada ya gharama zote hizo. Kosa hili si la maskini peke yao. Uingereza na Ufaransa zilitia saini mwaka 1962 kutengeneza ndege ya Concorde, zikaendelea kumimina fedha hata ilipodhihirika kwamba biashara yake hailipi. Mashirika mawili tu, la Uingereza na la Ufaransa, ndiyo yaliyoinunua na kuitumia kwa safari za kawaida, na mwaka 2003 ikasimama. Fedha iliyokwisha kutoka hairudi kwa kuongeza nyingine juu yake.

Ili kuokoa jahazi, akafunga injini ya Kichina ya muundo wa CG ndani ya fremu ya baba yake. Ikawaka. Na hapo dalili ya nne, iliyokuwepo tangu siku ya kwanza, ikamfikia barabarani. Trafiki alimsimamisha, akalinganisha namba. Namba ya injini aliyoifunga haikulingana na kadi ya usajili, na kadi yenyewe tangu mwanzo ilikuwa bado na jina la marehemu. Familia haikuwa imeteua msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuhamisha umiliki TRA. Kijana alikuwa amesikia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na malimbikizo yakasamehewa, akadhani karatasi zake zote ni safi. Kusamehewa ada hakubadilishi jina wala namba.

Leo pikipiki imerudi nyuma ya nyumba, na yeye amerudi kwenye daladala.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kila pikipiki ya zamani iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wako wanaozifufua vizuri, lakini huwa na chombo kingine cha kwendea kazini, na hawana haraka. Kama ni kumbukumbu, fanya taratibu kwa fedha ambayo hata ikipotea watoto watakula. Kama ni usafiri wa kukuingizia mkate, ipime kama mgeni asiyemjua mwenye nayo.

Anza na kadi kabla ya spana. Soma namba ya fremu na ya injini, uzilinganishe. Jina likiwa la marehemu, nenda kwanza kwa ndugu na mahakamani. Kisha mlipe fundi afungue injini aikague tu, akuandikie kila kitu kinachohitajika. Peleka orodha hiyo kwenye maduka ya spea, uandike bei mbele ya kila kipuri, na uwekee alama kisichopatikana. Jumlisha, weka akiba ya yale yatakayojificha, halafu linganisha na bei ya pikipiki mpya. Panga mapema kiasi ambacho kikifika utasimama, na umwambie mke, mume au rafiki ili akushike mkono siku ukitaka kukivuka.

Na fundi anayepata riziki kwa kutengeneza akikuambia yeye asingeianza, mwamini.