Nguvu na Haki Katika Hadithi za Superman

Mwenye nguvu mpishe, husema watu, na neno hilo lina busara ya mnyonge atakaye kuyaokoa maisha yake. Walakini halijibu swali lililo kubwa zaidi: mwenye nguvu naye ampishe nani? Mtu asiyeweza kushindwa na yeyote ana wajibu gani, na ni kitu gani kitakachomzuia asitende ovu? Plato alisimulia habari za pete iliyomfanya mvaaji asionekane, akauliza kama mvaaji huyo angebaki mwadilifu. Katika karne ya ishirini swali lilo hilo liliingia mahali pasipotazamiwa, katika vitabu vya katuni vilivyouzwa kwa watoto wa Marekani kwa senti 10 kila kimoja. Shujaa wa vitabu hivyo aliitwa Superman, na mabadiliko yake yanafundisha jambo ambalo huenda waliombadilisha hawakulikusudia.

Waliombuni walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, wote wana wa wahamiaji wa Kiyahudi, wote waliozaliwa mwaka 1914. Walikua katika dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Hadithi yao ya kwanza yenye jina hilo, ya mwaka 1933, haikumhusu shujaa hata kidogo. Ilimhusu fukara aliyetolewa na mtaalamu katika safu ya watu wanaongojea mkate wa sadaka, akapewa dawa ikampa uwezo wa akili usio wa kibinadamu. Mara alipoupata, alitamani kuitawala dunia. Dawa ilipoisha nguvu, alirudi katika safu ile ile ya mkate. Basi wazo la kwanza la vijana hawa lilikuwa kwamba nguvu zikimshukia mtu humharibu. Wazo la pili, lililotokea katika toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938, lilikuwa kinyume chake: yamkini yuko mwenye nguvu atakayewapisha wanyonge.

Superman wa mwaka 1938 hakuwa na uwezo wa ajabu sana akilinganishwa na waliomfuata. Hakuruka angani kama ndege. Alichupa tu, umbali wa nusu ya robo maili, na kombora liliweza kumjeruhi. Lakini tazama alivyozitumia nguvu hizo chache. Alivunja mlango wa chuma nyumbani kwa gavana usiku ili kumwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila hatia. Alimkamata mume aliyekuwa akimpiga mkewe. Alimfichua seneta aliyekula njama na mtu wa fedha. Katika toleo la tatu alimfungia mwenye mgodi, pamoja na wageni wake wa karamu, ndani ya mgodi wake mwenyewe, hata akaona kwa macho yake ubovu wa vyombo vya usalama ambao wachimbaji walikuwa wakiulalamikia. Adui zake hawakutoka katika nyota za mbali. Walikuwa watu wenye ofisi, wenye mali, na wenye heshima mbele ya sheria.

Haki yataka kukiri kwamba shujaa huyo alikuwa wa hatari vile vile. Katika toleo la Januari 1939 alibomoa mtaa mzima wa nyumba mbovu ili serikali ilazimike kujenga nyumba bora. Serikali ikajenga. Msomaji hufurahi, kisha hujiuliza: ni nani aliyewaomba shauri wakazi wa mtaa ule? Leo nguvu zimebomoa nyumba mbovu. Kesho zitabomoa nini, na kwa hukumu ya nani? Atendaye mema kwa kuamua peke yake hutofautiana na mdhalimu kwa nia tu, na nia ya mtu haionekani. Kwa hiyo kumwekea Superman mipaka hakukuwa kosa. Swali ni mipaka ya namna gani.

Vita vilileta fundisho la kwanza. Mwaka 1940 gazeti la Look lilichapisha kurasa mbili ambamo Superman aliwakamata Hitler na Stalin akawafikisha Geneva mbele ya Ushirika wa Mataifa. Kurasa mbili zilitosha kumaliza katika karatasi vita ambavyo duniani vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Marekani ilipoingia vitani, mkato huo haukuweza kurudiwa bila kuwadhihaki askari waliokuwa wakifa. Ndipo mwaka 1942 ikatungwa hila: Clark Kent, ambalo ndilo jina la Superman avaapo nguo za raia, alikataliwa jeshini kwa sababu macho yake yalipenya ukuta, akasoma herufi za chumba cha pili badala ya zile alizoonyeshwa na daktari. Hila hiyo inachekesha, lakini ina ukweli ndani yake. Nguvu za kubuniwa haziwezi kubeba mzigo wa watu halisi.

Baada ya hapo lilitokea jambo la kustaajabisha. Nguvu za Superman ziliongezeka mwaka hata mwaka, na mambo aliyoyashughulikia yakapungua uzito. Mwaka 1954, baada ya malalamiko kwamba vitabu vya katuni vinawapotosha watoto, wachapishaji walijiwekea kanuni zilizotaka, pamoja na mengine, askari polisi na mahakimu wasionyeshwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Shujaa aliyewahi kuvunja mlango wa gavana akawa rafiki wa wakuu. Aliweza sasa kusukuma sayari na kusafiri katika nyakati zilizopita; walakini aghalabu uwezo huo ulitumika kumshinda kijitu mtundu wa ulimwengu mwingine, au kumficha Lois Lane siri ya jina lake. Kwa insafu itajwe kwamba mchezo wake wa redio, mwaka 1946, ulilikemea kundi la wabaguzi lililofananishwa na Ku Klux Klan. Hiyo ilikuwa kazi ya ujasiri. Lakini kwa jumla aliyeweza kuchupa tu alimgusa mwenye mgodi, na aliyeweza kusukuma dunia hakumgusa.

Vizazi vya baadaye vilihisi upungufu huo, vikautafutia dawa. Mwaka 1986 John Byrne alimpunguzia nguvu. Mwaka 1992 aliuawa katika hadithi, kisha akafufuliwa. Katika kitabu cha mwaka 1988, na tena katika filamu ya mwaka 2013, alifanywa aue, ili wasomaji na watazamaji wauone uchungu wa dhamiri yake. Filamu ya mwaka 2025 ilimrudisha karibu na mwanzo wake: aliizuia nchi moja isiivamie nyingine, akaulizwa ni nani aliyempa ruhusa. Swali la mtaa uliobomolewa mwaka 1939 lilikuwa limengoja muda mrefu.

Hata hivyo fundisho lililo zito kuliko yote halimo katika hadithi. Limo katika maisha ya waliozitunga. Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Shujaa wao alitajirisha wengine. Walipodai mahakamani walishindwa kumrudisha, na majina yao yakaondolewa katika kurasa. Mwaka 1975, filamu kubwa ilipokuwa ikitayarishwa, Shuster alikuwa karibu kipofu, na wote wawili walikuwa katika dhiki. Wachoraji wenzao na waandishi wa magazeti walipaza sauti, hata wamiliki wakakubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Hapana mlango wa chuma uliovunjwa. Watu wa kawaida, wasioweza kuchupa hata ukuta, walisema jambo la haki mbele ya wenye mali, nao wakasikilizwa.

Basi mizani ya haki haipimi uzito ambao mtu aweza kuuinua. Hupima ni nani ambaye mtu yuko tayari kumuudhi kwa ajili ya mnyonge, na kama yuko tayari kuulizwa kwa alilotenda. Superman wa kwanza alikuwa na sifa ya kwanza akakosa ya pili. Superman wa miaka ya hamsini alijifunza utii akasahau ujasiri. Waliowatetea wazee wale wawili walikuwa nazo zote mbili, na nguvu hawakuwa nazo.